Sura ya Saba: Mlango wa Kutokea

Kahawa inayopimwa kwenye mizani ya chama cha msingi huko Kibosho, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, haijulikani bei yake kamili siku inapopimwa. Mkulima huleta kahawa yake ya maganda, karani husoma kilo, huandika daftarini, kisha humkabidhi stakabadhi. Malipo ya awali hutolewa, lakini safari ya kahawa ndiyo kwanza inaanza: itakobolewa, itapangwa madaraja, itaonjwa, itapelekwa mnadani chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa Tanzania. Miezi hupita kabla chama hakijajua kimeuza kwa kiasi gani na kugawa malipo ya pili, kila mwanachama kwa kadiri ya kilo zake. Muda wote huo kinachomuunganisha mkulima na fedha yake ni maandishi tu: jina, namba ya uanachama, tarehe, kilo, na pembejeo alizokopeshwa. Maandishi yakipotea, kahawa ipo na fedha ipo, ila haki ya kila mmoja imegeuka kuwa ubishi. Ndiyo maana chama kinapoamua kuachana na daftari na kutumia programu ya wavuti, swali la wapi programu hiyo ikae haliwezi kuachiwa mafundi peke yao. Ni swali la mkutano mkuu, kama lilivyo swali la nani ashike funguo za ghala.

Kwa kijana wa Moshi mjini anayeombwa kutengeneza programu hiyo, jibu la haraka siku hizi ni jukwaa la wingu. Anafungua akaunti kwa barua pepe, anapandisha msimbo wa programu yake, na baada ya dakika chache programu inafunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti. Kazi iliyokuwa ikidai seva, chumba chenye kiyoyozi, jenereta na mtu wa kuamka usiku sasa inafanywa na kampuni iliyo mbali, kwa malipo ya mwezi au bure kabisa mwanzoni. Amazon ilifungua njia hiyo mwaka 2006 ilipoanza kukodisha hifadhi na nguvu za mashine zake. Heroku ilianzishwa mwaka 2007, Google ikaleta App Engine mwaka 2008, na tangu hapo majukwaa mapya yamekuwa yakizaliwa mfululizo, kila moja likiahidi kuwa rahisi kuliko yaliyolitangulia. Ahadi hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya kweli, na hakuna sababu ya watu wa Kibosho kuikosa. Ninachotetea katika sura hii ni kwamba chama kidogo cha ushirika kinaweza, na mara nyingi kinapaswa, kujenga juu ya jukwaa jipya la wingu, mradi kipimo cha kwanza cha jukwaa kiwe namna ya kutoka kabla ya namna ya kuingia. Urahisi wa kuingia hutangazwa na kampuni yenyewe. Urahisi wa kutoka huandaliwa na mjenzi, na wakati wa kuuandaa ni siku ya kwanza.

Ushahidi wa jambo hili umeshalipiwa na wengine. Parse lilikuwa jukwaa lililopendwa sana na watengenezaji wa programu za simu, kwa sababu liliwaondolea kabisa habari ya seva: data, nywila za watumiaji na taarifa za kusukumwa kwenye simu vyote lilivibeba lenyewe. Facebook ililinunua mwaka 2013. Januari 2016 ilitangaza kwamba italifunga, na mwaka mmoja baadaye likafungwa. Google App Engine haikufungwa, lakini mwaka 2011 Google ilibadilisha namna ya kutoza, kutoka kuhesabu muda wa kazi wa kichakataji hadi kuhesabu saa ambazo mashine imewashwa kwa ajili yako, na watengenezaji wengi wakalalamika kwamba ankara zao zimepanda mara kadhaa kwa programu ileile ambayo haikuongezewa mtumiaji hata mmoja. Heroku, iliyonunuliwa na Salesforce mwishoni mwa 2010, ndiyo iliyowafundisha wanafunzi na vikundi vidogo duniani kote kuweka programu zao mtandaoni bila gharama. Novemba 2022 huduma hiyo ya bure ilikoma, na mwenye programu akawa na njia mbili, kulipa au kuhama.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuchagua kampuni kubwa isiyoweza kufa. Mifano hii mitatu inakataa. Facebook, Google na Salesforce hazikuwa zimefilisika, wala hazikuwa na dalili ya kufilisika. Kilichobadilika ni hesabu zao. Jukwaa jipya huishi kwa mtaji wa wawekezaji, na huduma ya bure ni fedha inayotumika kununua wateja. Siku mtaji unapotaka faida, au kampuni mama inapoamua kuelekeza nguvu kwingine, masharti hubadilika. Huo si usaliti. Ni hatua ya kawaida katika maisha ya biashara ya namna hiyo, na anayejenga juu yake anapaswa kuihesabu kama mkulima anavyohesabu mwaka wa mvua chache. Kwa mtumiaji wa Tanzania kuna jambo jingine juu ya hilo: ankara huja kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Bei ya jukwaa inaweza kukaa palepale na bado chama kikalipa zaidi.

Kilimanjaro ina historia yake ya kujifunza maana ya kutegemea chombo kimoja. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlimani waliunda KNPA, chama cha kulinda kilimo chao dhidi ya walowezi waliotaka Mwafrika asilime kahawa. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi ambao bado upo hadi leo. Ulikuwa mfumo bora kwa mambo mengi: ulikusanya kahawa ya maelfu ya vihamba, yaani mashamba madogo ya kifamilia, na kuiuza kama shehena moja. Lakini serikali ya kikoloni iliongeza amri kwamba mkulima wa Kichagga hana ruhusa ya kuuza kahawa yake kwingine kokote. Bei zilipoanguka, mkulima aliyeona malipo kidogo hakuwa na pa kwenda, na mwaka 1937 ghasia zikazuka katika sehemu kadhaa za Uchagani dhidi ya chama kilekile kilichoanzishwa kumtetea. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania huru ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, KNCU ikiwamo, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Ushirika ukarejeshwa katika miaka ya 1980. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na miaka ya 2000 baadhi ya vyama vya msingi vya mlimani vikaamua kupeleka kahawa yao mnadani vyenyewe bila kupitia muungano.

Katika historia hiyo yote, chombo hakikuwa kibaya kwa sababu ni kikubwa au kwa sababu kiko mbali na shamba. Uhusiano uliharibika pale ambapo mwanachama hakuweza kuondoka, na ulitengemaa pale alipoweza. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 baada ya kutazama reli za Nigeria zikishindwa kushindana na malori, alieleza kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba njia hizi mbili zinahusiana. Mteja mdogo wa jukwaa la wingu, aliye Kibosho huku ofisi za kampuni zikiwa California, hana sauti ya kusikika. Barua yake ya malalamiko itajibiwa na mashine. Nguvu pekee aliyobaki nayo ni kuondoka, na mtu anayejua anaweza kuondoka hutumia huduma kwa amani ambayo mtu aliyefungwa hawezi kuwa nayo.

Sasa tuulize kutoka kwenyewe kunahitaji nini. Wengi hudhani kikwazo ni ukubwa wa data. Tufanye hesabu. Tuchukue chama chenye wanachama 1,000, kila mmoja akileta kahawa mara 10 kwa msimu. Hizo ni kumbukumbu 10,000. Kila kumbukumbu, yenye namba, tarehe, kilo, daraja na jina la karani, haizidi baiti 200. Msimu mzima wa chama ni megabaiti 2, pungufu ya picha moja iliyopigwa kwa simu janja. Miaka 50 ya kahawa ya chama hicho ingeingia kwenye kadi ndogo kabisa ya kumbukumbu na nafasi ikabaki. Kwa hiyo uzito si tatizo. Tatizo ni umbo. App Engine ilipoanza ilikuwa na ghala lake la data lenye kanuni zake, tofauti na hifadhidata za kawaida zinazoulizwa kwa lugha ya SQL. Aliyejenga juu yake alipotaka kuhama hakuhamisha faili tu, alilazimika kuandika upya sehemu kubwa ya programu. Hali hiyohiyo humkuta leo anayehifadhi kila kitu katika ghala la pekee la jukwaa moja. Kinyume chake, PostgreSQL ni programu huria ya hifadhidata ambayo inapatikana karibu katika kila jukwaa, na kwenye kompyuta ya kawaida pia. Kumbukumbu za chama zikikaa humo, kuhama ni kutoa nakala upande mmoja na kuipakia upande mwingine, kazi ya saa moja.

Baada ya data huja msimbo na mazingira yake. Tangu Docker itolewe mwaka 2013, mjenzi anaweza kufungasha programu pamoja na kila inachohitaji katika kontena moja, na kontena hilo likaendeshwa na majukwaa mengi tofauti. Lakini katika vyama vidogo, kufungwa kunakouma zaidi mara nyingi hakutoki kwa kampuni ya nje. Kunatoka kwa namna kazi ilivyogawanywa nyumbani. Akaunti ya jukwaa imefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyetengeneza programu, ankara inakatwa kwenye kadi yake, jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lake, na msimbo uko kwenye kompyuta yake ya mkononi. Kijana huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Anaweza pia kupata kazi Dodoma, kuugua, au kuibiwa kompyuta kwenye basi. Siku hiyo chama kinagundua kwamba hakimiliki chochote zaidi ya uwezo wa kufungua ukurasa, na hata huo utaisha kadi itakapokataa. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama, akaunti ifunguliwe kwa anwani ya ofisi, nywila zihifadhiwe kama mhuri unavyohifadhiwa, na nakala ya msimbo ikabidhiwe kwa maandishi. Hakuna kati ya haya linalogharimu fedha za maana.

Jambo la tatu ni nakala rudufu inayokaa nje ya jukwaa. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilizimika, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala walizodhani zinawalinda zilikuwa katika eneo lilelile lililoungua. Mei 2024, hitilafu upande wa Google Cloud ilifuta wingu binafsi la UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Wanachama walikaa siku kadhaa bila kuona salio zao. Miongoni mwa vilivyousaidia mfuko kurejea ni nakala ulizokuwa umeweka kwa mtoa huduma mwingine. Mfuko unaosimamia mabilioni ya dola ulisaidiwa na kanuni ambayo chama cha Kibosho, chenye megabaiti 2, kinaweza kuitimiza kwa flashi mbili na karani mwenye nidhamu: kila jioni ya siku ya kupima, nakala moja ibaki ofisini na nyingine iende kwingine.

Wakisikia haya, baadhi ya viongozi wa ushirika husema: basi tununue seva yetu, tuiweke ofisini, tusimtegemee mtu. Hisia hiyo inaeleweka, na inabeba heshima ya watu waliozoea kujitegemea. Lakini seva ya ofisini inahitaji umeme usiokatika, mlango usiovunjwa, mtu wa kuweka viraka vya usalama kila vinapotolewa, na mwingine wa kushika zamu huyo anapokwenda likizo. Chama cha msingi hakina watu hao. Mazoea ya mlima wenyewe yanaonyesha njia nyingine. Maji hayakufika vihambani kwa kila kaya kuchimba mfereji wake. Mfongo mmoja ulianzia juu mtoni, ukapita kwenye mashamba ya watu wengi, ukawa na wazee wa kugawa zamu, na siku ya kuusafisha kila mtumiaji alitakiwa kutokea na jembe. Asiyetokea alitozwa faini. Watu walikubali kutegemea kitu cha pamoja kwa sababu walijua njia yake na walishiriki kuzitunga kanuni zake. Vivyo hivyo vyama vya Kibosho, Uru, Machame na Marangu vinaweza kukodi jukwaa moja kwa pamoja, kugawana gharama na kuajiri mtaalamu mmoja badala ya kila chama kuhangaika peke yake. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, kipo chini tu ya mlima na kazi yake ni kufundisha watu wa aina hiyo.

Wengine watasema suluhisho ni kukaa nyumbani: kutumia kituo cha data cha taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, au kuachia kila kitu mfumo wa MUVU ambao Tume ya Maendeleo ya Ushirika inautumia kusimamia vyama. Zipo sababu nzuri za kupenda data ikae nchini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume iliyoundwa na sheria hiyo, na imeweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Daftari la wakulima lenye majina, namba za simu na kiasi cha mapato ni taarifa binafsi bila ubishi, na chama kinachoziweka Frankfurt au Virginia bila kufikiria sheria hiyo kinajitafutia matatizo. Hata hivyo, mahali pa seva na uwezo wa kuhama ni mambo mawili tofauti. Kituo cha nyumbani nacho kinaweza kupandisha bei, kuzidiwa, au kubadilishiwa uongozi, na yaliyotokea mwaka 1976 yanakumbusha kwamba ukaribu wa chombo hauondoi uwezekano wa kuvunjwa kwa amri. Mfumo wa serikali unafaa kupokea taarifa za chama. Haufai kuwa nakala pekee ya taarifa hizo. Popote data itakapokaa, kanuni ni ileile.

Umbali nao una hoja yake, na unastahili kuhesabiwa kwa makini. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Moshi hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ujumbe kwenda na kurudi hauwezi kuchukua chini ya milisekunde 65. Hadi Johannesburg, kama kilomita 2,700, kiwango cha chini ni milisekunde 27, na njia halisi za mikongo, kwa kuwa hupinda, huongeza muda huo. Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024, hivyo kujenga karibu zaidi kunawezekana. Lakini namna programu inavyoandikwa inazidi tofauti ya umbali. Ukurasa unaouliza seva mara 20, swali moja baada ya jingine, utapoteza zaidi ya sekunde moja njiani kuelekea Frankfurt hata kabla seva haijafanya kazi yoyote. Ukurasa unaouliza mara moja hautaona tofauti kubwa. Tena ipo siku intaneti haitakuwapo kabisa. Ni kweli kwamba mwaka 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mwaka huohuo ikaifikisha Kilele cha Uhuru. Lakini Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na sehemu kubwa ya Tanzania, mlimani na pwani, ikabaki na intaneti ya kusuasua au bila intaneti. Mizani ya kahawa haiwezi kusubiri meli ya kutengeneza mkongo. Programu nzuri ya chama huandika kilo kwenye simu ya karani kwanza, kisha hupeleka winguni mtandao unaporudi. Angalia kwamba hapa tena suluhisho ni lilelile: nakala iliyo mikononi mwa chama, katika umbo linalosomeka bila ruhusa ya mtu mwingine, hulinda dhidi ya mkongo kukatika kama inavyolinda dhidi ya jukwaa kufungwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa wajenzi wenyewe. Wanasema kwamba kujiandaa kuhama ni anasa. Chama kina fedha kidogo, msimu unaanza Julai, na thamani yote ya jukwaa jipya iko katika vitu vyake vya pekee: utambuzi wa watumiaji, kazi zinazojiendesha kwa ratiba, hifadhidata inayojisawazisha na simu. Ukivikwepa vyote ili uweze kuhama siku moja, umelipa gharama leo kwa hatari ambayo huenda isitokee, na huenda msimu ukaanza programu haijakamilika. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Wapo wajenzi waliotumia mwaka mzima kuandaa mifumo inayoweza kuendeshwa kwenye majukwaa matano, na hawakufikia kuwahudumia hata watu hamsini. Kuhama kuna viwango, na chama cha kahawa hakihitaji kiwango cha benki. Kinachotakiwa ni kutenganisha vitu kwa uzito wa kuvipoteza. Kazi ya kutuma ujumbe mfupi kwa wakulima ikifungwa kwenye jukwaa, itaandikwa upya kwa siku mbili, ifungwe, haidhuru. Muonekano wa kurasa ukibadilika, wakulima watazoea. Kumbukumbu za kilo na malipo, orodha ya wanachama, na kanuni za kukokotoa malipo ya pili haziwezi kuandikwa upya na mtu yeyote, kwa sababu ndizo makubaliano ya chama na watu wake. Hizo tatu zikae katika umbo la kawaida, na mengine yote mjenzi afuate urahisi wa jukwaa bila hofu. Ukipima hivyo, gharama ya mlango wa kutokea inashuka hadi siku chache za kazi, wakati gharama ya kuukosa inaweza kuwa msimu mzima wa ubishi.

Upo pia mfano wa karibu unaoonyesha kwamba kuhama kwa hiari hujenga. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilitegemea mfumo wa Vodafone, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, ingawa fedha zilizokuwa zikitumwa zilitoka Nairobi kwenda Kisumu au Mombasa. Mwaka 2015 Safaricom ilizihamishia Kenya, huduma ikaendelea na biashara ikakua. Kuanzia kwenye mitambo ya mbali hakukuwa kosa. Bila hiyo huduma ingechelewa kuzaliwa. Duniani nako upepo umeanza kuelekea huko. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 2025, inawataka watoa huduma za wingu waondoe vikwazo vya kuhama, na inakomesha ada za kuhama kuanzia Januari 2027. Hata kabla ya hapo, katika miezi ya mwanzo ya 2024, Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kufuta tozo za kutoa data kwa mteja anayeondoka moja kwa moja. Wakubwa hao hawakufanya hivyo kwa ukarimu. Walisukumwa na sheria na ushindani. Chama cha Kilimanjaro kinaweza kunufaika na ushindi huo, lakini kitakachonufaika ni kile tu chenye data iliyo katika umbo la kubebeka.

Kwa hiyo mwenyekiti wa chama anayeletewa mpango wa programu mpya asianze kuuliza jukwaa linaitwaje wala lina miezi mingapi ya bure. Aulize mbele ya wanachama: tukitaka kuhama mwezi ujao, tutaondoka na nini, itachukua siku ngapi, na itagharimu shilingi ngapi? Mjenzi mzuri atajibu kwa sentensi tatu, na asiyeweza kujibu hajamaliza kazi. Majibu hayo yasiishie kwenye karatasi. Kila mwaka, kabla msimu haujaanza, mtaalamu wa chama achukue nakala ya kumbukumbu, aipakie kwenye jukwaa tofauti, aendeshe programu humo kwa siku moja, na akokotoe malipo ya pili ya msimu uliopita. Namba zikilingana na zile zilizolipwa, mkutano mkuu upewe taarifa na chama kiendelee kutumia jukwaa lake kwa moyo mweupe, hata liwe jipya kiasi gani. Zisipolingana, chama kimelijua tatizo wakati kahawa ingali mitini na muda wa kulirekebisha upo.